Nzohe wa Nyamisambi

Kasulu, bondeni Nyamisambi
4 Agosti 1997

Generosa, binti wa mjomba wangu, mwenye pua inayoingia kanisani wakati mwenyewe bado yuko njiani,

Mwakeye huko Kibondo! Mie mzima, tena nawazidi vijana wa hapa. Juzi nimebeba mzigo wa matete ambao punda angeuona angekaa chini akaomba likizo. Goti la kushoto linasemasema kidogo lakini silisikilizi. Gasper wangu sasa anaendesha lori la watu wa misaada, kambini Nyarugusu na huko kwenu, na ndiye mleta barua hii. Mpe chakula, ila usimpikie wewe. Agiza kwa jirani. Namtaka arudi hai.

Mihogo imetoka vizuri, maharage ya bondeni yamebeba. Anania jirani yangu, yule Mrundi aliyehamia hapa mwaka wa sabini na mbili, anakusalimu. Mbuzi wake dume anaitwa Meja, na anaringa kama meja kweli.

Sasa nikuambie la kuniandikisha barua. Wamekuja watu wa mipango ya mji, na kamba ya kupimia, na vigingi vyekundu. Wamevipiga kuanzia nyuma ya soko mpaka ule mkuyu wa chemchemi. Nikauliza, mabwana, mnazika nani? Wakasema hapa itakuwa stendi ya mabasi. Watachimba mtaro katikati, maji yatoke, bonde likauke. Nyamisambi yetu, Generosa! Pale ulipotumbukia ukiwa na kigauni cha komunio!

Nikawaambia, nyie wageni hamjui mnachokikausha. Pale katikati kwenye maji ya wazi, penye yungiyungi, kuna kambare mkubwa ana ndevu kama za padri. Kwenye mafunjo kuna fisi maji, kuna chatu mnene kama gogo, kuna vile vindege vya njano vinavyofuma viota, usipime, alfajiri vikianza kupiga kelele hata gesti ya sokoni wateja wanaamka bila kugongewa. Kwenye nyasi za pembeni kuna misambi, wale korongo wenye taji kichwani, mia moja, mia mbili, wanacheza kama harusi. Na ndani kabisa, mie mwenyewe nimemwona kwa macho haya, kuna nzohe. Yule swala wa majini, mwenye kwato ndefu kama vijiko. Dume, pembe zimejipinda hivi. Ananijua. Nikikohoa anaitikia.

Wamecheka wakaenda zao. Wamesema mtaro utachimbwa mvua zikipita.

Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia ambaye amewahi kuyanywa yale maji kwa bahati mbaya.

Ni mie, mzuri wa ukoo,
Bazilio


Kibondo
1 Septemba 1997

Bazilio mwana wa shangazi, kichwa cha kambare,

Gasper amefika salama, amekula kwangu sahani mbili, akalamba na mwiko. Sasa sijui ni wewe unayesema uongo au ni tumbo lake.

Hapa tuko vizuri. Mwanangu Elieth amehamishia biashara yake Mabamba, anauza chumvi na sabuni kwa wanaovuka mpaka, na juzi ameniletea kitenge. Nikikivaa kanisani watu wanageuka. Wewe ungegeuka ukavunja shingo. Macho yangu ndiyo yamechoka, herufi nazikisia tu kama mtu anayetafuta sindano, kuandika mkono unakumbuka wenyewe, lakini barua zako ananisomea mpangaji wangu. Ni kijana wa Tanga, anaitwa Omary, bwana maliasili wetu wa hapa wilayani. Ana adabu mpaka inachosha. Akitaka maji anasema, "Bibi, samahani, naomba kama hutojali, nipatie maji kidogo." Nikimaliza kumsikiliza kiu imekuwa yangu.

Basi, barua yako alinisomea jioni tukimenya mihogo. Alipofika kwa nzohe akaisogeza barua karibu na macho. Akarudia. Akaniuliza, "Bibi, huyu nzohe, ni kweli? Katikati ya mji?" Nikamwambia, binamu yangu hajawahi kuniambia uongo. Akauliza tena kesho yake asubuhi. Nikamjibu vilevile. Akauliza mara ya tatu kwenye chai, nikamwambia, mwanangu, Bazilio akisema ameona, ameona.

Ameandika kwa wenzake huko Kasulu. Anasema mahali penye nzohe hapachimbwi mtaro hivihivi, lazima kwanza paangaliwe. Na amepewa ruhusa, anakuja mwenyewe kuliangalia bonde, yeye na bwana mipango wenu. Mwezi wa kumi, mwanzoni.

Mpokee vizuri. Hali nguruwe. Na usimweleze habari ya kigauni cha komunio.

Generosa


Kasulu
14 Septemba 1997

We mwanamke!

Salamu utazikuta mwisho wa barua kama nitakuwa na nguvu.

Umefanya nini? Unamjua mvyara wako tangu hujaota meno, ukaenda kumwambia mtu wa serikali kwamba mie sisemi uongo? Mie? Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ndio wavyara, tumeruhusiwa na mababu kutukanana, kuibiana kuku na kudanganyana mchana kweupe, na anayekasirika ndiye mjinga. Sasa huyo mtu wa Tanga anajua wapi mambo hayo? Yeye amesoma barua ya wavyara kama anasoma taarifa ya habari ya redio!

Nzohe wa mwisho Nyamisambi, unajua wewe, alikuwa kwenye chungu cha babako. Sisi tulikuwa hatujafika hata kiunoni kwa urefu. Tangu pale sijaona nzohe, sijaona kwato, sijaona hata mavi yake. Chatu nimemwona, ila mwaka ule wa Azimio. Misambi wapo, lakini wewe kata ile mia, kata tena, endelea kukata.

Vilivyopo ni vyura. Vyura aina zote, wa kijani wadogo wanaokaa kwenye majani ya yungiyungi, na wale wakubwa wenye sauti ya mlevi. Kereng'ende. Ruba. Yangeyange wanaofuata ng'ombe pembeni. Kambare kweli yupo, fisi maji kweli yupo lakini ana aibu kuliko mwari. Na maji. Maji yanaingia kutoka sokoni yakiwa na povu la sabuni na uchafu wa machinjio, yanapita kwenye mafunjo polepole, yanatoka chini kwa Anania safi, wanawake wanateka. Sasa utamwonyesha bwana mipango povu limekwisha na yeye atoe saluti?

Wakija wakakosa nzohe, watasema mzee huyu mwongo, na kila kitu kingine alichosema ni uongo, na mtaro utachimbwa kesho yake asubuhi. Umenimaliza.

Lakini usijali. Kichwa changu kinafanya kazi. Anania pia ana kichwa kidogo. Tunajadiliana.

Salamu: mzima. Kitenge nimesikia.

Bazilio


Kibondo
17 Oktoba 1997

Bazilio,

Huku tumeshukuru, mvua zimeanza mapema na kwa nguvu, redio inaziita Elnino. Elieth yuko salama, ndiye aliyenisomea ile barua yako ya hasira, Omary sikumwonyesha, ila Mabamba barabara ni uji. Mie kifua kilibana wiki moja, kimeachia.

Bwana Omary amerudi kutoka kwenu juzi. Aliondoka na suruali ya khaki imenyooshwa pasi, amerudi nayo imesimama yenyewe kwa tope, ungeiweka mlangoni ingefukuza wezi. Nimeifua mara mbili, maji bado yanatoka rangi ya chai. Ana tope mpaka ndani ya sikio. Nikamuuliza, mwanangu, imekuwaje? Akaanza kucheka. Akakaa kwenye kigoda akacheka mpaka akashika ubavu. Nikamuuliza, nzohe je? Akasema, "Bibi, samahani, muulize binamu yako," akaingia chumbani, na huko nako nikamsikia anacheka peke yake.

Sasa nakuuliza. Nini kimetokea?

Generosa


Kibondo
12 Novemba 1997

Bazilio, Gasper amepita hapa bila barua. Nikamwambia baba yako amekufa? Akasema hapana, anakula vizuri. Nikamwambia ameoa? Akasema hapana. Nikamwambia basi ana nini? Akatazama miguu yake.

Kama hutaki kuandika, nitamwambia Omary anihadithie yeye, na mie nitaihadithia kanisa zima, kuanzia kwaya.

Generosa


Kasulu
2 Desemba 1997

Generosa binti wa mjomba, kitenge kinachotembea,

Salamu nyingi kama hizi mvua. Usinilaumu kwa kukaa kimya. Kwanza goti. Halafu daraja la Malagarasi, maji yamejaa na malori yalisimama huko siku kadhaa. Halafu peni iliisha wino. Halafu nilikuwa na shughuli. Anania hajambo, Meja naye hajambo, anakonda kidogo lakini ni mawazo.

Eti nini kimetokea. Haya, sikiliza habari ya mwanaume.

Niliwaza hivi: nzohe hatembei mbele za watu, huyo ni mnyama wa kujificha. Mtu wa maliasili hategemei kumwona, anategemea kuona nyayo. Na nyayo za nzohe ni kwato ndefu. Sasa nani ana kwato na anakaa karibu? Meja! Nikachonga viatu vinne vya mti mwepesi, virefu, vimechongoka mbele, kazi safi ambayo fundi wa Ujiji angelia kwa wivu. Nikamfunga Meja kwa kamba za mgomba. Anania anamshika pembe, mie namvalisha kama bwana harusi. Mpango ni kumtembeza pembeni kwenye tope, aache nyayo tatu nne, tumvue, turudi kunywa uji.

Nani angejua kwamba mbuzi hapendi viatu? Alipojiona miguuni, akaruka juu, akatoka mbio, lakini siyo kwenda nyumbani. Akaingia Nyamisambi! Viatu vile, Generosa, vilikuwa vizuri mno. Vilimbeba juu ya nyasi, juu ya yungiyungi, mpaka katikati ya mafunjo, na hapo kimoja kikachomoka akazama mpaka tumbo.

Na mabwana ndio hao wanateremka kutoka sokoni! Omary wako mbele, suruali yake ya khaki, na bwana mipango nyuma, viatu vinang'aa unaweza kujitazama ukanyoa. Mara kutoka kwenye mafunjo: meeee!

Nikasema, "Mmesikia? Huyo ndiye."

Omary akasikiliza. Meeee!

Akasema, "Mzee, samahani sana, nzohe huyu anasema mee."

Nikasema, "Ni wa huku bara."

Hapo bwana mipango akasema amechoka na mchezo, eti ardhi hii ni tope la juu tu, futi mbili, chini ni mwamba, vipimo vyake vinaonyesha. Na mbuzi naye anazidi kuzama. Basi nikaona roho ya kiumbe inapotea kwa ajili ya maneno. Nikaingia. Mie wa umri huu. Nikapasua mafunjo kama mamba. Bwana mipango kuona ushujaa wangu akaona aibu, akaingia naye, hatua ya kwanza kifundo, ya pili goti, ya tatu mkanda wa suruali. Akapiga kelele, "Mzee, chini kuna nini?" Nikamjibu, "Bwana, huku chini hakuna chini!"

Sasa kazi ya kutoka. Sisi wakata matete tunajua: husimami, unalala. Unatandika mafungu ya matete kama kitanda, moja hivi, jingine limekatiza juu yake, unatambaa kwa tumbo. Nikatandika, nikamtoa bwana mipango kama mtoto, nikamtoa na Meja, wote kwa mkupuo mmoja. Kiatu kimoja cha bwana mipango kimebaki. Kitakuwa na kambare ndani sasa hivi, amehamia na familia.

Tulikaa mule ndani muda mrefu, tumelala juu ya matete, tumenyamaza kwa kuchoka. Na kwa vile tulinyamaza, Nyamisambi ikaanza kurudi kwenye shughuli zake. Vindege vya njano vikashuka kwenye mafunjo juu ya vichwa vyetu vikaendelea kufuma. Mdiria akapiga mbizi, akatoka na kitu kinang'aa mdomoni. Chura mdogo wa kijani akapanda kwenye bega la bwana mipango, na yeye hakumfukuza, alimtazama tu kwa jicho la pembeni. Fisi maji alitoa kichwa, akatuona, akasikitika, akazama. Omary wako yule, ukingoni, alikuwa hasemi samahani tena. Alikuwa anaelekeza kidole tu, hapa, pale, hapa.

Ndiyo hivyo. Uamuzi bado. Watakaa kikao bomani mwaka mpya ukiingia. Bwana mipango ameondoka na kiatu kimoja bila kusema neno, na mtu asiyesema neno mie humwogopa.

Shujaa wako,
Bazilio


Kibondo
9 Januari 1998

Shujaa wangu,

Heri ya mwaka mpya. Tumeusherehekea vizuri, Elieth alikuja na mchele na migebuka, Omary akapika pilau ya kwao. Nilimwambia hakika angekuwa mwanamke angeolewa Kibondo mara tatu.

Nikamwomba anisomee ile barua yako. Alisoma mpaka pale ulipopasua mafunjo kama mamba, akaiweka chini. Akasema, "Bibi, samahani, hapa mzee amesahau kidogo." Kwa hiyo na mie nakukumbusha.

Uliingia kweli kumfuata mbuzi. Hatua nne. Ukazama mpaka kifuani, ukamkumbatia Meja shingoni, na ninyi wawili mkawa mnalia sauti moja hata watu ukingoni hawajui nani ni nani. Bwana mipango hakuona ushujaa wowote. Aliona mzee anakufa. Ndiyo akaruka na viatu vyake vya kung'aa, hakuvivua hata kimoja, akakufikia, akakushika kwapani mpaka yeye mwenyewe akazama. Na aliyetandika matete ni Anania. Wewe ulikuwa unampa maelekezo, na maelekezo yenyewe yalikuwa "haraka." Omary aliingia kuwavuta, ndipo suruali ikawa vile.

Hayo ya vindege na chura begani, amesema ni kweli tupu. Amesema pale hukuongeza hata tone, na amenisomea mara mbili.

Halafu kuna jambo jingine, Bazilio. Umeniandikia kwamba nzohe wa mwisho alikuwa kwenye chungu cha babangu, unanikumbusha kama vile mie mgeni. Nani alipewa kukikwangua kile chungu? Mie. Ladha yake naikumbuka mpaka leo. Ulidhani Omary aliponiuliza mara tatu, mara zote tatu nilikuwa nimesahau?

Ningemwambia kuna vyura na maji yanayosafishika kwa mafunjo, kijana angesema asante bibi, akageuka upande wa pili akalala. Kazi zake ni nyingi, kuni za kambini, moto wa porini, miti inayokwisha. Lakini nzohe mjini! Nilimwona macho yake. Nikajua atakuja. Na akija, mie najua pale pana nini. Pale nimechota maji na mamangu. Pale nimetumbukia.

Unanidanganya tangu tuko watoto, na mie nimekuacha kwa sababu ni haki yako. Na mie nina haki yangu. Nimeitumia mara moja tu, lakini vizuri.

Sijamwambia Omary. Nadhani anajua. Juzi aliniangalia akasema, "Bibi, wewe, wewe," akachukua baiskeli yake akaenda kazini.

Nieleze ya kikao.

Mvyara wako asiyesema uongo,
Generosa


Kasulu, Nyamisambi
22 Februari 1998

Generosa,

Nimeisoma barua yako, nikaenda kumsomea Anania, Anania akacheka mpaka Meja akasogea mbali. Sina la kusema juu ya hilo. Nimekaa siku nyingi natafuta la kusema, sina. Andika mahali popote kwamba Bazilio amekosa la kusema, weka na tarehe.

Gasper hajambo, ameposa binti wa Nyakitonto, mtulivu, tumempenda. Mvua bado zinapiga. Goti, hilo liache.

Kikao kimekaa. Nilialikwa, nikakaa kwenye benchi na kofia mkononi. Diwani akasema stendi ni maendeleo, wafanyabiashara wa soko wanaitaka karibu. Mwingine akasema bonde ni mbu tu na matope. Nikaona kwisha. Halafu akasimama bwana mipango, yule wa kiatu. Hakutaja wanyama. Akasema, "Waheshimiwa, mie nimekwenda chini. Mkiweka basi pale, mtapakia abiria wa kwenda kuzimu." Akasema vipimo vya kwanza vilichukuliwa kiangazi, pembeni, na yeye ndiye aliyetia sahihi, na sasa anaondoa sahihi yake. Akasema tena, mvua zote hizi za Elnino, nyumba za huku chini hazijaingia maji, kwa sababu bonde limeyanywa. Ukichimba mtaro, maji yale yatakwenda kulala vitandani mwa watu. Hapo hata wa soko wakaitikia kwa vichwa, maana wengi wanakaa huku.

Stendi itapelekwa juu mlimani, kwenye njia ya Kibondo. Vigingi hawakuhitaji hata kuving'oa, mvua zilishavichukua kitambo.

Lakini wamepitisha na sheria. Tangu mvua zianze mpaka ndege walee makinda, hakuna kukata matete wala mafunjo Nyamisambi. Na lazima awepo mwangalizi. Wakatazamana. Wakanitazama mie. Bwana mipango ndiye aliyenitaja, na alicheka, mara ya kwanza kumwona anacheka. Wamenipa filimbi.

Sasa fikiria hali yangu. Mkata matete wa kwanza Kasulu nzima, mikeka yangu iko mpaka kwa askofu, amewekwa alinde matete yasikatwe. Jumatatu nilijisahau. Nilikuwa na mundu mkononi, Anania ameniomba fungu moja la kuziba paa, nimeshainama, nimeshika shina. Nikasimama. Nikaangalia huku na huku. Nikaivuta filimbi nikajipulizia mwenyewe, nikageuka nikarudi nyumbani. Paa la Anania tumeziba na nailoni. Ananinunia.

Lakini nikuambie nilichoona nikiwa nimeinama pale. Kwenye nyasi za ukingoni, upande wa mkuyu, misambi wamejenga. Kiota kikubwa cha nyasi kimekanyagwakanyagwa, maji pande zote. Nimekaa mbali, siku hizi naenda kila asubuhi na kila jioni, sisogei, sikohoi. Mmoja analala, mwingine anazunguka na taji lake kama askari wa gwaride. Wakibadilishana wanainamiana vichwa kwanza. Walikuwa na mayai mawili. Moja halikuanguliwa. Lingine limeanguliwa juzi, kinda la rangi ya udongo, miguu mirefu kuliko akili, linaanguka linaamka.

Utaniuliza wako wangapi. Watu wa hapa wakiniuliza nawajibu ninavyotaka. Wewe nakwambia hivi: misambi Nyamisambi ni wawili, na mtoto mmoja. Basi.

Bazilio